Wiki ya sita baada ya kupunguzwa tumbo: jibu langu kwa mdogo wangu wa Chake, Pemba

Assalaam alaykum mdogo wangu. Pole, na hongera pia.

Umesema una wiki ya sita tangu ukatwe tumbo India upunguze uzito, mizani imegoma pale pale wiki mbili, chakula kinakukwama kifuani, mkwe wako anakusukumia wali na kunung'unika kwamba unamtia aibu kwa majirani, Ramadhani yaja, sare ya harusi imeshanunuliwa, na usiku unalia hujui unalilia nini. Ukamalizia kwa kuuliza kama umekosea. Wenzangu hapa kundini wamekujibu "subira dada, utazoea", na ni kweli, lakini subira haikwambii uache kwenye tonge la ngapi.

Mie nilifanyiwa miaka miwili na miezi kidogo iliyopita, hii hii ya slivu kama yako, ile wanayoondoa kama robo tatu ya tumbo au zaidi, linabaki jembamba mfano wa ndizi. Niliingia na kilo 128, leo nna 89. Na kazi yangu ni kuuza urojo jioni hapa mjini Unguja. Cheka tu. Wateja wangu walicheka kabla yako.

Nianze na hilo la kukwama, maana ndilo linalokutisha. Wiki ya saba nilialikwa walima kwa wifi yangu. Biriani, sinia moja tumekaa wanawake watano. Shangazi mmoja mtu mzima, Mungu amlipe kwa nia yake, akawa anachambua nyama anasukuma upande wangu: "Kula mwanangu, umebaki mifupa." Nikala tonge la kwanza, la pili. La tatu liliposhuka pua ikaanza kuchuruzika, nikadhani pilipili. Nikatia la nne kwa kuona haya. Hapo ndipo nilipojua nini maana ya kukwama: jiwe nyuma ya mfupa wa kifua, mate yanajaa kinywani mazito kama ute wa bamia, kumeza siwezi, kutema mbele ya watu siwezi. Nikajifunika mdomo kwa kanga, nikatokea uwani kwa waosha masufuria, nikainama pale natema povu. Robo saa nzima. Msichana mmoja aliyekuwa anasugua sufuria akaniuliza, "Una mimba, bi?"

Ile pua, kumbe, ndiyo ilikuwa kengele. Kila mtu ana yake. Mwengine hupigwa kwikwi moja tu, mwengine huenda chafya. Hili tumbo jipya halikupi ile shibe ya zamani ya kuegemea mto na kushusha pumzi, hukupa ishara ndogo kisha linafunga mlango. Kaa na chakula chako peke yako siku tatu nne, ule polepole, ujisikilize mpaka uijue kengele yako. Ukishaijua, hilo tonge linalofuata usilitie, hata kama lishakuwa mkononi.

Wali, mkate na chapati ndivyo vinavyokwama kuliko vyote, kwa sababu vinagandamana vikawa donge. Wewe wiki ya sita hata usivigombanie. Anza na samaki laini, changu au tasi wa kuchemsha na ndimu, uchambue miba vizuri, kijiko cha chai, utafune mpaka iwe uji. Pweza muache kwanza, hata aliyepigwa akapigika. Mie nilimrudia baada ya mwezi wa tano, na kipande cha ukubwa wa kucha.

Sasa mkwe wako. Mdogo wangu, sisi watu wa visiwani hatuna neno jengine la kusema nakupenda ila "hujala". Ukimkatalia chakula unamkatalia yeye. Mie mkwe wangu nilimshinda kwa kumpa kazi: "Mama, daktari kasema supu ya samaki yenye nguvu, na mie siijui kuipika kama wewe." Tangu siku hiyo hajanisukumia wali. Kila asubuhi supu ya kichwa cha kolekole, na majirani wote wanajua kwamba yeye ndiye anayeniuguza. Heshima yake imerudi na protini yangu nimepata.

Kuhusu sinia, jambo moja nimeligundua mwenyewe na linanisaidia mpaka leo. Kwenye sinia hakuna anayehesabu matonge yako. Wanachotazama ni mkono, unakwenda au hauendi. Basi mkono wangu hautulii: nachambua samaki, namsogezea bibi, nawapa watoto nyama, nakamua ndimu. Sinia linapokwisha mie nimekula vijiko vinne na watu wanasema fulani siku hizi mkarimu. Kwenye sahani ya peke yako utakamatwa, kwa hiyo usikubali kupakuliwa.

Watu watasema. Watakwambia una sukari imepanda, una ile maradhi nyengine, umechezewa. Pemba unaijua mwenyewe. Si lazima umsimulie kila anayeuliza. Mie nasema, "Nimefanyiwa operesheni ya tumbo," basi. Ni kweli tupu, na mtu mwenye adabu hapo hukoma. Asiye na adabu hata ukimwonyesha yale matundu ya kovu hatoridhika.

Hili linalofuata lisome mara mbili. Hukutaja dawa, lakini ulisema una presha. Mie nilikuwa na presha na sukari. Nikawa naendelea kumeza vidonge vile vile vya wakati wa kilo 128, kwa sababu hakuna aliyenambia vinginevyo, nami sikuuliza. Mwezi wa pili, sala ya adhuhuri, nainuka kutoka sijda ya pili ukuta ukawa mweusi. Nikaanguka juu ya msala. Kumbe presha imeshuka yenyewe na vidonge vinaishusha zaidi. Dawa za sukari zaweza kuhitaji kupunguzwa mapema hata kuliko za presha, siku za mwanzo tu baada ya upasuaji, kabla hata nguo hazijalegea. Usipunguze kwa kukisia, wala usiache mwenyewe. Nenda ukapimwe wiki hii, daktari akupangie upya.

Na ubebe karatasi ya operesheni popote uendako, picha yake iwe kwenye simu. Mie mgongo uliniuma nikaenda kituo kimoja, nisikitaje, nusura nichomwe sindano ya diklofenaki kabla sijafungua mdomo. Hizo na ibuprofeni daktari wangu alinikataza, huleta vidonda tumboni, na waliofanyiwa baipasi, ile operesheni nyengine ya kuunganisha tumbo na utumbo kwa njia ya mkato, ndio zaidi. Panadoli inatosha.

Kutapika nako kuna mpaka. Kutapika mara moja kwa sababu umekula haraka ni somo. Ukitapika siku mbili tatu mfululizo na hata maji hayakai, hilo ni la hospitali, usingoje. Huko waambie umekatwa tumbo, na uwaulize habari ya vitamini B1 kabla hawajakutundikia dripu ya sukari, kwa sababu B1 ikiisha mwilini na sukari ikaingia mwanzo, mishipa ya fahamu na ubongo vyaweza kudhurika. Ukihisi ganzi miguuni au unaona vitu viwili viwili, yaweza kuwa ndiyo hiyo. Na homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, mguu mmoja kuvimba au pumzi kubana, hapo usiandike huku kutuuliza. Panda gari.

Mizani kugoma wiki ya tatu mpaka ya sita hutokea kwa wengi wetu. Yangu iligoma siku kumi na nane. Hali hiyo ilimpitia kila mtu niliyemjua. Jipime mara moja kwa wiki na uifiche.

Protini tunaambiwa gramu 60 mpaka 80 kwa siku. Yai moja lina kama 6, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja kina kama 20, kwa hiyo hesabu unaiona: bila ya kukusudia huifiki. Dagaa wakavu nawaosha, nawakaanga bila mafuta, nawasaga unga, kisha kijiko kimoja ndani ya supu au choroko. Mtindi usiotiwa sukari usiku. Na katika urojo wangu mwenyewe nala yai na mishkaki miwili mitatu, rojo kidogo, basi. Bajia, kachori na chipsi za muhogo nawaachia wateja. Mwanzo hata kuonja nilikuwa naonja kwa ncha ya ulimi, kisha namwita mwanangu aniambie ndimu imekaa au haijakaa.

Maji usinywe pamoja na chakula, acha nusu saa baada ya kula. Funda moja moja, kutwa nzima, ufike lita moja na nusu au zaidi. Soda sahau. Juisi ya miwa nayo nilijaribu mwezi wa tatu pale Darajani, glasi nusu tu kwa jua la saa nane: moyo ukaenda mbio, jasho, tumbo likasokota, nikakaa kwenye ngazi ya duka la watu mpaka ilipopita. Sukari nyingi ikishuka kwa haraka kwenye utumbo ndiyo mambo yake hayo. Halua vilevile, ingawa kashata kipande kidogo na kahawa chungu sijakiacha, nisikudanganye.

Vidonge vya vitamini ni vya maisha: B12, chuma, kalsiamu na D. Chuma na kalsiamu usivimeze pamoja, vitenganishe saa mbili, na chuma usikishushie kwa chai. Damu upimwe kama ulivyopangiwa, hata ukijiona mzima.

Nywele zitaanza kutoka mwezi wa tatu au wa nne. Nakwambia mapema usije ukafikiri husuda. Sisi tuna bahati ya ushungi, hakuna aliyeona, ila mie niliona kila nikichana, na tundu la maji la chooni lilikuwa linaziba. Zilirudi kabla mwaka haujatimia, fupi fupi mbele kama za mtoto.

Jengine la ndani, maana huku tupo wanawake wengi: mimba isubiri mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu, na usijitegemeze kwenye "mie sipati hedhi vizuri". Uzito ukishuka hedhi hurudi na mimba huja upesi. Ongea na mumeo, kisha ongea na watu wa uzazi wa mpango uwaambie umefanyiwa nini, kwa sababu si kila njia inafaa.

Ramadhani hii usifunge. Najua inauma, nililia mie pia, nilikuwa najificha jikoni kunywa maji kama mwizi. Madaktari wengi hutaka ipite miezi sita, wengine mwaka, kwa sababu ya maji zaidi kuliko chakula. Nilimuuliza shehe wetu wa mtaani, akanisomea Suratul Baqara, mgonjwa hula na akalipa siku nyengine, akaniuliza, "Wewe mkarimu kuliko aliyekuruhusu?" Ramadhani ya pili nilifunga. Nilifungua kwa tende nusu na maji mafunda matatu, nikasali magharibi, ndiyo nikarudi kwenye supu. Futari ya muhogo na ndizi vijiko viwili kwa ladha. Chupa ya maji nikaenda nayo tarawehe. Siku nne nilishindwa, nikalipa baadaye. Muulize daktari wako mwenyewe, tumbo lako si langu.

Na kulia. Hapa sina dawa, nna habari tu. Mie kula ndiyo ilikuwa starehe yangu, na udhia ukinizidi nilikuwa nakula. Kifo cha mama, nikala. Ugomvi na mume, mkate wa ufuta na kuku saa nne usiku. Tumbo lilipokatwa udhia ulibaki, na pa kuuweka hapapo. Miezi mitatu nilikuwa mkali nyumbani mpaka watoto wananikimbia. Kilichonisaidia ni miguu. Alfajiri natoka Michenzani mpaka viwanja vya Maisara, nazunguka na akina mama wengine, tunasema yetu, tunarudi kabla jua halijapanda. Wewe jaribu njia ya Tibirinzi, na utafute mtu wa kwenda naye. Siku nyengine nililia huku natembea, na baibui haionyeshi kitu.

Umeuliza kama umekosea. Mwezi uliopita niliinama nikafunga kamba za viatu vya mjukuu bila ya kukaa chini kwanza. Ngozi ya mikono inaning'inia, ya tumbo naikunja ndani ya nguo kama shuka, hakuna aliyenambia itakuwa nyingi hivi. Ningerudishwa nyuma ningekwenda tena, ila ningeuliza maswali zaidi kabla.

Hiyo sare ya harusi uliyosema imeshanunuliwa, usimpelekee fundi sasa. Ngoja mpaka zibaki siku tano, na umwambie aache mshono mpana ndani, asikate. Mie gauni langu nilishonesha mapema, siku ya shughuli nikaenda nalo limebanwa kwa pini saba mgongoni.