Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujamjibu Mtoto

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka hapa Muheza. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonitangulia kujua mvua. Ujumbe wako niliusoma mara ya kwanza bila miwani, nikadhani mjukuu wangu ameposwa, moyo ukanidunda. Kumbe amechaguliwa chuo cha ualimu. Unaniuliza umruhusu aende, au arisiti kidato cha nne atafute alama za unesi alioutaka tangu mwanzo. Kisha ukaongeza kwamba siku hizi ualimu wanaenda waliokosa pengine. Hayo nimeyaona. Nayapita kimya, ingawa unayemwandikia ni mwalimu mstaafu na ada zako zote zililipwa kwa vumbi la chaki.

Niambie kwanza: huko chuoni wanalala wangapi chumba kimoja? Tena, shule ya mazoezi ipo karibu, au watangoja BTP, yale mazoezi ya kufundisha ya wiki mfululizo, ndipo waonane na watoto? Najua hukuniuliza hayo. Lakini umenisikia nikisema tangu unatambaa, na leo narudia: mkufunzi anakupa mada, mwalimu anatengenezwa na mwenzake wa kitanda cha pili. Ndugu zako hulicheka neno hilo. Silo langu, nimelitoa kwa Bibi wa Magila, aliyemzaa mama yangu.

Ulipokwenda Unguja na wenzako wa kazini ulinitumia picha za magofu ya Mbweni, yale yaliyo ndani ya kiwanja cha hoteli, wewe umeegemea ukuta na miwani ya jua. Ukuta huo ulikuwa wa shule ya wasichana ya misheni, ya Mtakatifu Maria. Bibi alizaliwa hapo hapo shambani, wazazi wake wakiwa katika wale waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Hilo unalijua, mjomba wako halikosi kulisema hata msibani. Asilolisema, kwa kuwa hakuwahi kukaa jikoni na wazee wa kike, ni kwamba Bibi hakuwa peke yake. Yeye na somo yake walibatizwa siku moja kwa jina moja, wakalala vitanda vya jirani tangu meno ya utoto.

Mwalimu mkuu aliyeikuza shule ile ni Miss Thackeray, aliyefika mwaka 1877. Alipoacha uongozi mwaka 1902 hakurudi kwao Uingereza. Alibaki Mbweni hadi alipofariki mwaka 1926, na kaburi lake liko huko. Kwa hiyo Bibi na wenzake walipoingia darasa la ualimu, miaka michache baada ya 1902, yule mama alikuwa mzee wa jirani tu, ila akipita walishusha sauti. Utaratibu wa mwanafunzi mwalimu ulikuwa hivi: saa za asubuhi anawafundisha wadogo huku mkubwa wake anamtazama, kisha na yeye anakaa kwenye benchi afundishwe. Kusoma, kuandika, hesabu, Maandiko, kuimba, kushona. Biblia nzima ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kuchapwa mwaka 1891, na hiyo ndiyo waliyojifunzia kuweka vituo. Somo likiisha, wenzake waliokaa nyuma wanasimama mmoja mmoja kutaja kasoro. Bibi alisema siku ya kwanza alitajiwa nyingi hadi akalia, na mwenzake aliyetaja nyingi kuliko wote ndiye aliyemfuta machozi.

Lakini si wote walioingia darasa hilo, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Wasichana walichujwa. Waliokuwa wepesi wa kitabu walibaki upande wa ualimu, wengine walipelekwa upande wa kazi za mikono: kufua, kupiga pasi, kushona, kupika. Bibi akabaki. Somo yake akapelekwa kwenye udobi, kupiga wanga wa muhogo kwenye kanzu za mapadri na kusukuma pasi ya mkaa tangu asubuhi. Wote wawili wana jina moja, wana umri mmoja. Mmoja mwalimu, mmoja dobi, kwa neno la siku moja.

Sasa sikia walichofanya. Usiku, taa ikiisha kuzimwa, Bibi alikuwa akimfundisha somo yake gizani lile somo atakaloingia nalo darasani kesho yake. Lote, kwa kunong'ona, bila ubao wala zana. Yule anamkatiza: hapo sijaelewa. Hapo umekwenda mbio. Hapo umelijibu swali wewe mwenyewe. Bibi anarudia hadi somo yake aseme haya, lala. Mwaka mzima, na mwaka wa pili. Unaona? Andalio la somo lilikuwa linakaguliwa na dobi. Ndiyo maana nakuuliza habari ya vyumba.

Kuna siku nilimwuliza Bibi kama alichagua mwenyewe kuwa mwalimu. Nilikuwa msichana, nikidhani nauliza jambo kubwa. Akanijibu walikuwa wakila nini: wali siku fulani, muhogo siku nyingine, na papa aliyenuka bwenini hadi kwenye shuka. Nikarudia swali, akanituma maji. Mjomba wako husema misheni iliwaandaa mabinti wale kuwa wake wa walimu wa Kiungani, na kwa hilo siwezi kumpinga sana. Vijana wa chuo cha misheni cha Mtakatifu Andrea pale Kiungani, huko huko Unguja, walisomea ualimu na upadri, wasichana wa Mbweni walisomea ualimu, na harusi zikafuata kama zilivyotarajiwa. Padri Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri, mwaka 1890, mkewe Lucy alitoka Mbweni. Babu yangu naye alikuwa wa Kiungani, alifundishwa na Frank Weston kabla hajawa askofu mwaka 1908. Walioana, wakavuka hadi Tanga, wakapanda treni ya Wajerumani hadi hapa Muheza, kisha kwa miguu hadi Magila. Somo yake akaolewa na mtu wa Masasi, wakaenda kusini. Hawakuonana tena hadi uzeeni.

Kama walipangiwa, walipangiwa. Lakini babu yangu alipochukuliwa, nani alimpangia Bibi kuendelea? Vita ya 1914 ilipoanza, Wajerumani waliwashuku walimu wa misheni ya Waingereza kuwa ni wapelelezi. Babu alipelekwa Tabora na wenzake kwenye mnyororo, na katika msafara huo wako ambao hawakurudi. Yeye alirudi baada ya Wabelgiji kuingia Tabora, Septemba 1916, amekonda, na kifua hakikumpona tena. Miaka hiyo yote watoto wa pale walikuwa wakisoma chini ya mwembe wa Bibi, akiwa na mama yangu mgongoni. Hakuna aliyemlipa, na hakuna aliyemwandika popote.

Hilo la kuandikwa ndilo linalonichoma hadi leo, nikikumbuka nasikia joto masikioni. Baada ya uhuru kulikuwa na sherehe kwenye shule moja ya huku, siitaji, ya kuwakumbuka walimu wa kale. Bibi aliamka usiku kupiga pasi kanga zake. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Kijana akasimama na orodha, akawasoma wazee wa kiume mmoja mmoja, aliyesomesha wapi na mwaka gani. Akafika kwa babu, marehemu, kisha akasema: mke wa marehemu aje apokee kwa niaba yake. Kwa niaba yake! Babu alifariki mapema, wewe unajua. Bibi alishika chaki miaka mingi baada yake, na nusu ya watu wazima waliokuwa wakipiga makofi pale walijifunza herufi kwake. Alikwenda, akapokea blanketi, akashukuru kwa goti, akarudi kukaa. Mimi nilitaka kusimama niseme, akanibana kidole. Njiani kurudi nikangoja alie, au atukane. Tulipofika kwenye daraja akasema, "Yule kijana anasoma vizuri, ila anameza vituo. Aliyemfundisha hakumsikiliza."

Basi. Sikusikia neno jingine juu ya siku ile. Blanketi alimpa mchunga ng'ombe.

Nimekwenda mbali, lakini ngoja nikupe na lile tamu, nisije nikakuacha na hilo. Mwaka 1958, nikiwa darasa la tatu, mjukuu wa somo yake alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Ngomeni, kama vijana wengi wa kusini. Akamleta nyanya yake kumtembelea. Wale wazee wawili walipoonana hawakukumbatiana wala kupiga vigelegele. Walisimama wanatazamana, kisha yule wa Masasi akasema, "Bado unakwenda mbio?" Bibi akacheka hadi akakaa chini.

Mimi siku zile hesabu za kutoa zilikuwa zimenishinda, zile za kuazima. 42 toa 17, nakwama. Mwalimu wangu alikwisha kunichapa nazo. Bibi akaanza kunieleza kwa mdomo. Somo yake akamnyamazisha kwa mkono, akafungua kifurushi cha korosho alichotoka nacho kusini, akanipangia mafungu manne ya kumi kumi na mbili pembeni. Akaniambia nimpe saba. Nikasema ziko mbili tu. "Zako zipo, zimefungwa tu. Fungua fungu moja." Nikafungua, zikawa kumi na mbili, nikampa saba, zikabaki tano. Nikampa na fungu zima moja. Yakabaki mawili na tano. Nilitazama zile korosho kana kwamba zimesema. Bibi akadakia kwamba alipaswa kuanza na namba ndogo, 12 toa 5, ndiyo kanuni. Yule akajibu kwamba mtoto hakukwama kwenye 12. Wakabishana hadi jua likazama, mwalimu na dobi, kuhusu namna ya kunifundisha mimi, na mimi huku nakula zana za somo. Sijawahi kuona walimu wawili wenye vyeti wakibishana kwa utamu ule kwenye ofisi yoyote ya walimu niliyokalia.

Sasa najua utaniuliza: mama, kwa hiyo cheti si kitu? Ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Maana kama Bibi angekuwa na karatasi, yule kijana na orodha yake angemsoma. Na kama somo yake angepewa darasa badala ya pasi, ni watoto wangapi wa Masasi wangefunguliwa mafungu yao? Waliochuja walikosea. Lakini kama wangempeleka darasani, Bibi angemfundishia nani gizani? Naona nazunguka. Wakati wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, miaka ya sabini, niliwapokea shuleni kwangu vijana waliomaliza darasa la saba tu, wakajifunzia kazi kazini. Watu waliwaita walimu wa UPE kwa dharau, na wako waliostahili, sikatai. Wako pia waliokuwa wakikaa jioni wawili watatu na koroboi, mmoja anafundisha, wenzake wanasema sijaelewa. Hao hata mkaguzi alipokuja hakuwatofautisha nasi. Na alama walizoingia nazo zilikuwa zile zile za wenzao waliodharauliwa.

Mkono unataka kuandika neno moja hapa. Siliandiki. Wewe ndiye uliyemzaa, na unesi pia ni kazi ya heshima, mwaka mmoja wa kurisiti si mwisho wa dunia, ingawa ada ya kurisiti nayo ni pesa. Ila usimnyime ualimu kwa sababu ya maneno ya wanaosema ni wa waliokosa. Ukimnyima, mnyime kwa sababu hawezi. Na kujua kama anaweza ni rahisi: jioni moja mwache amfundishe mdogo wake ile hesabu inayomtesa. Wewe kaa pembeni na simu yako, usimsaidie hata neno. Wakimaliza, usimwulize yeye kama amefundisha vizuri. Mwulize mdogo.

Halafu mwambie anipigie yeye mwenyewe. Tangu Pasaka sijamsikia sauti. Akiamua kwenda, godoro na sanduku la bati nitanunua mimi, hilo tusibishane. Pesa ya paa imefika, fundi ameanza na jikoni. Pigeni jioni, asubuhi nashinda shambani na simu naiacha ndani.

Ni mimi mama yako.