Kusia saladi, figili na giligilani tuta moja

Ndugu yangu, umeuliza kama mbegu za saladi, figili na giligilani zinaweza kusiwa pamoja. Zinaweza, ila usizichanganye zote mkononi. Giligilani ni nzito, hivyo isie kwanza na uifukie kama sentimita 1. Saladi ichanganye na mchanga mkavu ndipo uirushe, la sivyo itaangukia rundo moja. Hiyo usiifukie, ikandamize tu kwa kiganja, maana huota vizuri ikipata mwanga. Figili weka chache sana! Huchipua ndani ya siku chache na kuwafunika wenzake. Miche ikisongamana, ing'olee kachumbari. Kwenye joto kali saladi hugoma kuota, kwa hiyo sia jioni na utandaze kivuli chepesi.