Mbona bodi yangu inazama zaidi ziwani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilijifunza kuteleza juu ya mawimbi kule Malindi. Sasa naishi Minneapolis, Marekani, na Oktoba iliyopita nilikwenda Ziwa Superior, karibu na Duluth, na bodi yangu ileile. Ilizama zaidi na kila wimbi lilinipita. Ni kwa sababu maji hayana chumvi, au ni mimi?

JIBU: Marahaba. Chumvi inachangia, lakini kidogo. Lita ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, ya ziwa kilo 1. Wewe, bodi na suti ya mpira ya kuzuia baridi mkifika kilo 80, baharini mnaelea kwa kusukuma lita 78 za maji, ziwani lita 80. Tofauti ni lita mbili tu! Muuza bodi akikushikilia hoja ya chumvi peke yake, mwachie bodi yake.

Kinachokushinda zaidi ni wimbi lenyewe. Mawimbi ya bahari yaliyotoka mbali hufika yamepangana, sekunde 10 au zaidi kati ya moja na jingine. Superior ina urefu wa kilomita 560 hivi, haina safari ya namna hiyo. Wimbi lake limetoka kuzaliwa na upepo uleule unaokupiga usoni, na mara nyingi hufuatana kwa sekunde 5 hadi 8. Linainuka ghafla, linavunjika upesi, na hujapumua jingine limefika. Ukizoea kulisubiri likuinue ndipo upige mikono, umeshachelewa. Anza mapema, na chukua bodi pana na nene zaidi, yenye ujazo wa lita tano au kumi za ziada.

Halafu suti. Mpira wa milimita 5 unaelea, haukuzamishi, ila unachosha mabega, na bega lililochoka ndilo linalokosa wimbi. Usiipunguze kwa sababu hiyo! Vaa na kofia, glavu na viatu vyake. Mtu asiye na kinga akianguka kwenye maji yale ya baridi, dakika ya kwanza anapigania pumzi, na baada ya kama dakika kumi vidole havishiki kitu.

Kwa Duluth, ngoja upepo wa kaskazini-mashariki uvume siku nzima, uingie unapoanza kulegea. Na usikawie njiani kwa kahawa: upepo ukifa, saa chache tu ziwa limelala.