Meza za kusimamia darasani: kigoda kisiondolewe

Mwalimu, umeuliza kama meza za kusimamia, yaani meza ndefu ambazo mtoto husomea akiwa amesimama, zitawachosha watoto. Zitawachosha, tena upesi, kama utawaondolea mahali pa kukaa. Kusimama kutwa nzima huumiza miguu na mgongo kama vile kukaa kutwa nzima kunavyoumiza. Kinachomsaidia mtoto ni kubadilisha mkao pale mwili wake unapotaka.

Mark Benden na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, walifuatilia wanafunzi wa shule za msingi kwa miaka miwili na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Waliotumia meza hizi walionekana kudhibiti uzito vizuri zaidi kuliko wenzao wa meza za kawaida. Lakini meza zile zilikuwa na vigoda virefu na mahali pa kuegemeza mguu! Watu wengi husahau sehemu hiyo wanaponunua.

Urefu ndio utakaokupa kazi zaidi. Sehemu ya juu ya meza iwe usawa wa kiwiko, mtoto akilegeza mabega. Watoto wa darasa moja hupishana sana kimo, kwa hiyo meza isiyorekebishika itamfaa mmoja na kumkunja shingo mwingine. Zipange nyuma au pembeni, waliosimama wasije wakawaziba wenzao ubao.

Kama bajeti ni ndogo, anza na chache za kupokezana. Na tafadhali, zisiwe za adhabu wala za wale “watundu” peke yao.