Mwalimu Anajibu: Kwa nini jarida la nano limerudisha andiko langu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, Morogoro. Nilichemsha majani ya mwarobaini, nikachanganya maji yake na nitrati ya fedha, nikapata nanochembe za fedha, yaani chembe za madini ya fedha ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Nilipozijaribu kwa bakteria, zilifanya kazi vizuri sana. Nikaandika, nikatuma kwenye jarida moja la nanoteknolojia la nje. Siku ya nne mhariri akanirudishia bila hata kulipeleka kwa wahakiki, eti haliendani na mwelekeo wa jarida. Wenzangu wanasema tunabaguliwa. Huo mwelekeo ni upi, na mtu anaujuaje? Nimekuambatishia andiko.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Barua kama hiyo naijua. Ya kwanza kwangu niliisoma maabara, glavu zikiwa bado mikononi, nikairudia mara tatu nikitafuta walipokosea wao.

Ubaguzi katika uchapishaji upo, sitakuficha. Lakini andiko lako nimelisoma lote, na naamini lingerudishwa hata kama lingetoka Seoul au Berlin. Toa mwarobaini, weka mpera, mlonge, mchaichai au ganda la chungwa: makala hiyo imeshaandikwa mara nyingi mno. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa mbili za mlonge ndani ya mwezi mmoja nizihakiki, zimefanana hadi mpangilio wa michoro.

Zamani kutengeneza tu kulitosha. Jarida liitwalo Nanotechnology lilianza Uingereza mwaka 1990, miaka tisa baada ya Binnig na Rohrer kuunda, kule Zürich, hadubini inayopapasa uso wa kitu hadi kuonesha atomu mojamoja. Siku hizo kuona na kupima peke yake kulikuwa habari. Mwaka 1991 Iijima wa Japani akaeleza mirija ya kaboni iliyo myembamba mno, na majarida yakajaa mirija kwa miaka mingi. Mwaka 2004 Geim na Novoselov wa Manchester wakatangaza grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, waliyoibandua kwenye grafaiti kwa utepe wa gundi wa kawaida, na watafiti wakahamia huko. Mwaka 2009 zikaja seli za umeme wa jua za perovskaiti, aina ya fuwele, zilizoanza na ufanisi wa asilimia 3.8 na leo zimevuka 25. Kila wimbi huanza na watu wanaosema "tumetengeneza". Baada ya miaka kadhaa mhariri anataka kujua kitu hicho kinafanyaje kazi, kinadumu muda gani, na kama mtu mwingine akifuata maelezo yako atapata ulichopata wewe. Fedha ya majani imefika kwenye maswali hayo kitambo.

Upande wa tiba mageuzi hayo yalikuja kwa namna iliyonigusa sana. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan, Toronto, lilikusanya makala za miaka kumi zilizohusu nanochembe za kupeleka dawa kwenye uvimbe wa saratani, likauliza jambo dogo tu: katika dozi iliyodungwa kwa mnyama, kiasi gani kilifika kwenye uvimbe? Kiwango cha kati kilikuwa asilimia 0.7. Chini ya sehemu moja katika mia! Miaka yote hiyo kila makala peke yake ilionekana ya ushindi. Walipoziweka pamoja ndipo fani nzima ikalazimika kuuliza zile nyingine zinakwenda wapi, na ini, ambalo huzinasa nyingi, likawa sehemu ya mazungumzo. Mwaka 2018 jarida la Nature Nanotechnology likachapisha pendekezo la mambo ambayo kila makala ya nano na viumbe hai inapaswa kuyaripoti: sifa za chembe yenyewe, hali ya seli au mnyama, na dozi ilivyopimwa. Isome kabla hujagusa tena chupa ya nitrati.

Sasa turudi kwenye sahani zako za agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria. Umeandika kwamba maji yaligeuka kahawia na kilele cha kufyonza mwanga kilikuwa karibu na nanomita 420. Hiyo ni dalili nzuri, nakupongeza. Kisha ukaonesha duara safi ambapo bakteria hawakuota. Lakini mwanangu, mwarobaini wenyewe unaua vijidudu, ndiyo maana bibi zetu walituogesha kwa majani yake tulipopata ukurutu. Ioni za fedha, yaani fedha iliyoyeyuka majini, nazo zinaua, bila nano yoyote. Kwa hiyo duara lile ni kazi ya nani? Ulihitaji sahani ya maji ya mwarobaini peke yake, nyingine ya nitrati yenye fedha kiasi kilekile, na nyingine ya chembe zako baada ya kuzisafisha vizuri. Katika andiko zima hakuna hata moja. Mhariri aliyezoea huliona pengo hilo kabla chai haijapoa.

Na majani ulichuma mti upi, mwezi gani? Mwarobaini wa kiangazi si wa masika. Umeandika tu "majani mabichi yalikusanywa". Hapo anayetaka kurudia kazi yako ameshakwama.

Kuhusu kuujua mwelekeo, mimi natumia daftari. Chagua jarida moja, fungua orodha ya makala za mwaka 2005, 2015 na mwaka huu. Vichwa na mihtasari husomwa bure. Pembeni ya kila kichwa andika T kama kinasema wametengeneza, S kama kinaeleza sababu, M kama kinaonesha matumizi yaliyopimwa katika mazingira halisi. Itakuchukua jioni mbili. Usikabidhi kazi hiyo kwa mtu wala kwa programu, kwa sababu utakapokuwa umeandika T ya thelathini kwa mkono wako, utajua mwenyewe andiko lako lilianguka wapi.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa moyo wote. Una maswali ambayo watu wa Berlin hawana. Maji ya miteremko ya Meru yana floridi nyingi kuliko kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na watoto wa huko wanaota meno ya kahawia. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alianzia hapo. Chujio lake linaunganisha mchanga na maada za nano, na hupangwa kufuatana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Wewe una Mto Ngerengere unaopita mjini kwako. Kachote maji yake, uone kama chembe zako bado zinaua bakteria kwenye tope na chumvi halisi, na ni fedha kiasi gani inabaki ndani ya maji ambayo mtu atayanywa. Hapo utakuwa na M.

SWALI: Mwalimu, andiko langu la nano limekubaliwa, lakini wanataka ada ambayo hata mshahara wangu wa mwaka hauifikii. Nifanyeje? Mhadhiri msaidizi, Dodoma.

JIBU: Usilipe kwanza. Angalia jarida ni la aina gani. Mengi ya zamani yana njia mbili: wasomaji walipie na wewe usilipe kitu, au ulipe wewe ili wote wasome bure. Nature Nanotechnology ilipoanza njia hiyo ya pili mwaka 2021, ada ilikuwa yuro 9,500. Ile njia ya kwanza bado ipo, na maktaba nyingi za kwetu huyafikia majarida hayo kupitia Research4Life, mpango wa kuzifikishia majarida taasisi za nchi zenye kipato kidogo.

Kama jarida lote ni la wazi, wachapishaji wengi wakubwa huisamehe Tanzania ada, yote au sehemu, ila uombe wakati wa kutuma, si baada ya kukubaliwa. Kwa kuwa wewe umeshakubaliwa, andika leo hiihii. Siku nyingine jaribu Beilstein Journal of Nanotechnology la Ujerumani, ambalo halimtozi mwandishi wala msomaji.

Ukiona barua pepe inakusifu mno na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku chache, iache. Mwaka 2023 makala zaidi ya 8,000 ziliondolewa kwenye majarida ya mchapishaji aitwaye Hindawi, nyingi zikiwa za matoleo maalumu, na majina ya waandishi yamebaki pale pale juu ya neno "imeondolewa".

Barua ya kuomba msamaha wa ada iwe na aya mbili tu: taasisi yako na nchi, kisha kwamba huna ruzuku. Nitumie nakala niipitie kabla hujaipeleka.