Maswali ya Wasomaji: Milwaukee Mile itabaki au ndo inaondoka?

Toleo lililopita tuliandika mistari miwili tu, kwamba Milwaukee Mile, ule uwanja wa mbio za magari wa jimbo la Wisconsin kule Marekani, ndio mkongwe kuliko wote duniani unaotumika mpaka leo ila kesho yake bado haina uhakika. Kumbe mistari miwili haikutosha, meseji zimemiminika, na kwa kweli nimefurahi maana hili jambo linaniuma siku nyingi. Nimechagua maswali matano.

SWALI: Kaka mhariri shikamoo. Kitu kimeishi zaidi ya miaka 120, kinakosaje uhakika? Nani hasa anataka kuufunga? (Mpenda Injini)

Marahaba mdogo wangu. Hakuna anayetaka kuufunga, na hapo ndipo wengi tunapopotea, tunamtafuta adui wakati adui hayupo. Ule uwanja uko West Allis, pembeni kabisa ya jiji la Milwaukee, ndani ya eneo la maonesho ya kilimo ya jimbo, na ardhi ni mali ya jimbo la Wisconsin tangu 1891 ilipochukuliwa iwe makao ya kudumu ya maonesho. Kabla ya hapo farasi walikuwa wanakimbia pale. Magari yakaanza kushindana Septemba 1903, kwenye udongo, miaka 6 kabla uwanja maarufu wa Indianapolis haujafunguliwa, na yakaendelea kwenye udongo hivyo hivyo mpaka 1954 walipomwaga lami. Kwa hiyo ardhi iko salama, hakuna tajiri wa kuja kuinunua asubuhi moja na kujenga maghala.

Shida ni mbio zenyewe. Jimbo ni mwenye uwanja, sio mwandaaji. Mbio kubwa zinahitaji promota, yaani mtu au kampuni inayotia hela mbele, inalipa ada kwa NASCAR (mashindano ya magari yenye umbo la magari ya kawaida) au IndyCar (mashindano ya magari ya matairi wazi, ya kiti kimoja), inalipia ulinzi na zimamoto na matangazo, alafu ndo inakaa inaomba Mungu mvua isinyeshe na tiketi ziuzike. Mvua ikinyesha hasara ni ya promota. 2009 kampuni iliyokuwa imekodi uwanja ilishindwa kulipa ada zake, na mwaka ule ule NASCAR na IndyCar wote wakauondoa Milwaukee kwenye ratiba ya 2010. Fikiria, uwanja ambao kwa miaka mingi ulikuwa unapokea madereva wa Indy wiki moja tu baada ya Indianapolis 500, ile mbio kubwa ya maili 500, ghafla kimya. IndyCar ikarudi 2011, ikakaa mpaka 2015, Sébastien Bourdais akashinda ile ya mwisho, alafu kimya tena miaka 9. Mbio za NASCAR za magari ya pikapu zikarudi 2023, na IndyCar ikarudi 2024 kwa mbio mbili ndani ya wikiendi moja, Pato O'Ward akashinda ya kwanza na Scott McLaughlin ya pili. Safari hii IndyCar yenyewe ndo imejitosa kwenye uandaaji pamoja na wenye uwanja, na mimi naona hii ndio habari nzuri kuliko zote, maana zamani promota akianguka kila kitu kilianguka naye.

Ila uelewe, kurudi sio kukaa. Mkataba ukiisha watu wanakaa mezani upya wanahesabu viti vilivyojaa. Ukiuliza uhakika wa uwanja nitakwambia upo, ukiuliza uhakika wa mbio nitakwambia tuangalie majukwaa.

SWALI: Samahani kaka, lakini si kuzunguka duara tu kushoto kushoto? Kuna nini cha kulilia hapo, si wakimbie barabara zenye kona za kila aina? (Dada wa Magurudumu Mawili)

Dada yangu hujakosea kuuliza, ila naomba uitafute video ya mbio za IndyCar za pale Agosti 2025 uziangalie mpaka mwisho. Álex Palou, ambaye ubingwa wa mwaka ule alishaubeba tayari, aliongoza mizunguko 199 kati ya 250. Mtu ukiona hivyo unazima unaenda kulala. Lakini mwishoni Christian Rasmussen akaja na tairi mpya zaidi, anapita juu karibu na ukuta pale ambapo wenzake wanaogopa kukanyaga, akampita Palou na kuchukua ushindi wake wa kwanza kabisa wa IndyCar.

Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu Milwaukee ni karibu tambarare. Kona za viwanja vikubwa kama Daytona zimelazwa nyuzi 31 na za Talladega 33, unasimama chini unaona kama ukuta, gari linashikwa na huo mlalo wenyewe dereva anakanyaga mafuta tu hatoi mguu. Milwaukee ni nyuzi 9 hivi na urefu ni kama maili moja, yaani kilomita 1.6. Kwa hiyo kila kona lazima aachie mafuta, asubiri pua ya gari ikubali kugeuka, alafu akanyage tena bila nyuma kuteleza, na anafanya hivyo mara nne kila mzunguko huku tairi zinachakaa. Anayezitesa mwanzoni analipa mwishoni. Ndo maana madereva wenyewe wanauheshimu, hauna pa kujificha.

Na kuna jambo la 1963 ambalo mimi nikilisimulia huwa nasisimka mpaka leo. Mwaka ule Jim Clark, yule Mskoti, alikwenda Indianapolis na kagari kake ka Lotus chenye injini ya Ford nyuma ya dereva, akamaliza wa pili, Wamarekani wengi bado wakiamini magari yao makubwa yenye injini mbele. Agosti akaja Milwaukee, akaanza wa kwanza, akaongoza mizunguko yote 200, na wote akawapita kwa mzunguko mzima isipokuwa A.J. Foyt aliyemaliza wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza gari la injini nyuma kushinda mbio za ubingwa wa Marekani wa zama zile. Baada ya miaka michache magari ya injini mbele yakatoweka kwenye mbio za Indy. Mabadiliko yale yalipata ushindi wake wa kwanza pale pale West Allis, kwenye hiyo duara ya kushoto kushoto.

SWALI: Nimesoma kwamba Nashville nako kuna uwanja wa zamani wenye mgogoro. Ni hali moja na Milwaukee? (Msomaji wa Siku Nyingi)

Hapana, ni kinyume chake, na ndo maana nimelipenda swali lako.

Kwanza tusichanganye, kuna Nashville Superspeedway ya nje ya jiji iliyojengwa 2001, hiyo sio tunayoizungumzia. Tunazungumzia Nashville Fairgrounds Speedway, ndani ya jiji la Nashville jimbo la Tennessee, magari yalianza kushindana kwenye viwanja vile vya maonesho 1904, ovali (njia ya mbio yenye umbo la yai) ya lami ikajengwa 1958, na mbio za daraja la juu la NASCAR zilikuja kila mwaka mpaka 1984. Dereva maarufu wa NASCAR Darrell Waltrip alikulia kimbio pale.

Sasa, meya wa wakati ule Karl Dean alitaka eneo lile lijengwe upya kwa shughuli nyingine. Wananchi wakakataa, Agosti 2011 wakapiga kura, zaidi ya asilimia 70 wakasema maonesho, soko la mitumba na mbio za magari vibaki, na ikaingia kwenye katiba ya jiji. Kwa hiyo Nashville mbio zina ulinzi wa sheria ambao Milwaukee haina hata kidogo. Lakini sheria haipaki rangi wala haibadilishi majukwaa yaliyooza. Kampuni ya Speedway Motorsports inayomiliki uwanja wa Bristol ikaja na mpango wa kuukarabati na kurudisha mbio kubwa, bodi ya maonesho ikaupitisha 2023, ila baraza la jiji halikuukamilisha kabla muhula wa meya John Cooper haujaisha mwaka huo huo. Katikati ya hayo yote jirani kabisa umesimama uwanja mpya wa soka, Geodis Park, uliofunguliwa 2022, na majirani wanalalamika kelele, na wengine wanasema ile ardhi ingefaa nyumba za watu.

Mimi majirani siwalaumu moja kwa moja. Gari la mbio bila kizuia sauti ni kelele kweli, na mtoto anayelala hajui historia. Lakini hapo unaweza kukaa mezani, kuna vizuia sauti, kuna kuta za kuzuia sauti, kuna kuhesabu siku za mbio kwa mwaka na saa za kuzima injini. Ukishabomoa hakuna meza tena. Nashville ina sheria haina hela, Milwaukee ina ardhi haina uhakika wa promota, na ukiniuliza ipi inanitisha zaidi nitakwambia Nashville, maana jengo likiachwa bila matunzo linajiua lenyewe taratibu bila mtu yeyote kupiga kura, na siku likianguka watasema si mnaona, halifai.

SWALI: Kuna uwanja uliowahi kufa ukafufuka kweli, au tunajipa moyo tu? (Kijana wa Gereji)

Upo, North Wilkesboro, North Carolina. Ovali ya maili 0.625, ilifunguliwa 1947, ina ajabu moja kwamba upande wa mbele gari linashuka kilima na upande wa nyuma linapanda. Mmiliki wake Enoch Staley alipofariki, hisa zikaishia kwa Bruton Smith na Bob Bahre, wamiliki wa viwanja vingine, waliozitaka zile tarehe mbili za mbio, moja ikahamia Texas nyingine New Hampshire. Jeff Gordon akashinda mbio za mwisho Septemba 1996 na lango likafungwa. Nyasi zikaota kwenye lami, mbao zikaoza, miaka ikapita hivyo hivyo ukiacha mbio ndogo kidogo za 2010 na 2011.

2019 dereva mstaafu wa NASCAR Dale Earnhardt Jr. akaenda na wenzake wakang'oa magugu kwa mikono yao, na sio kwa ajili ya mbio, walitaka uwanja upimwe ili angalau ubaki kwenye gemu ya kompyuta. Picha zile zikawagusa watu. 2021 jimbo likatenga dola milioni 18 kutoka kwenye fedha za serikali kuu za kujikwamua na korona, 2022 mbio zikarudi na Earnhardt mwenyewe akakimbia, na Mei 2023 NASCAR ikapeleka pale mbio zake za mastaa, Kyle Larson akashinda.

Sasa usichukue huo mfano ukalala nao usingizi mzito. Ontario ya California ilifunguliwa 1970, nzuri kuliko zote za wakati wake, 1980 ikafungwa, ardhi ikachukuliwa na kampuni ya ardhi ya Chevron na ikavunjwa. Langhorne ya Pennsylvania ilifungwa 1971 pakajengwa maduka. Fontana, nayo ya California, ilipokea mbio za mwisho Februari 2023, Kyle Busch akashinda, sehemu kubwa ya ardhi ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 500. Tofauti yao na North Wilkesboro ni nini? North Wilkesboro iko mashambani, hakuna aliyeitamani ile ardhi, ikaachwa ioze lakini ikaachwa imesimama. Ardhi ya Fontana ilikuwa ghali kuliko mbio zozote ungeziweka juu yake.

SWALI: Babu yangu mkwe aliishi Wisconsin, alikuwa anasema timu ya mpira wa Kimarekani ya Green Bay Packers ilicheza katikati ya uwanja wa magari. Ni kweli au hadithi za wazee? (Mama wa Wawili)

Mzee alisema kweli tupu mama, mpe heshima yake. Packers walikuwa wanakuja kucheza baadhi ya mechi zao za nyumbani pale State Fair Park, eneo lile lile la maonesho, kuanzia 1934 mpaka 1951, uwanja wa mpira ukiwa ndani ya ile duara ya magari, na Desemba 1939 wakachukua ubingwa wa NFL, ligi kuu ya mpira huo, pale pale kwa kuwafunga New York Giants 27 kwa 0. Wakati huo njia ya magari ilikuwa bado ya udongo. Kama kuna picha za mzee za miaka ile kwenye albamu za familia, angalia nyuma ya watazamaji, huenda ukaiona kona.