Waifai ya ukumbini si bahasha iliyofungwa

Mkuu, umeuliza kama nywila ya waifai inatosha kulinda madau, maana ushirika wenu unauza matrekta mawili na wazabuni watajaza fomu kwa simu wakiwa ukumbini. Haitoshi. Nimefanya kazi miaka minne kama fundi mitandao kwa dalali wa magari yaliyotumika hapa Dar, na somo hili lilimgharimu mtu mwingine kabla sijalielewa.

Tulikuwa tunabandika nywila ukutani ili kila aliyefika aunganishwe. Fomu yetu ilifunguka bila ile alama ya kufuli kwenye kivinjari. Mnada wa tatu, magari mawili yakachukuliwa na mtu yuleyule, yote kwa kumpita wa pili shilingi 50,000. Huyo wa pili, mama aliyekuwa anatafuta gari la biashara, alinifuata mlangoni: "Mwanangu, dau langu nani kaliona?" Nilikosa la kumjibu. Kwamba yule bwana alinasa madau siwezi kuapa. Ila jioni ile nilikaa na laptopu kwenye mtandao uleule, nikatuma dau la majaribio kwa simu, na nikalisoma lote, jina na kiasi.

Kwenye WPA2, aina ya ulinzi wa waifai, anayeijua nywila na akanasa mazungumzo ya mwanzo kati ya simu yako na ruta anaweza kufungua yote yanayofuata. WPA3, toleo lililofuata, iliyotoka 2018, imeziba tundu hilo, lakini hata hapo mtu anaweza kuwasha ruta yake yenye jina na nywila kama zenu, simu zikaingia kwake. Kwa hiyo fomu lazima iwe ya HTTPS, yaani ile yenye alama ya kufuli, inayoficha data kati ya simu na seva, na mzabuni akiona onyo la cheti, yaani kivinjari kinasema hakiwezi kuthibitisha kuwa tovuti ndiyo yenyewe, asiendelee. Wenye bando watumie bando lao.

Hayo yanamzuia jirani wa ukumbini. Msimamizi wa seva, kompyuta inayopokea fomu, je? Mimi mwenyewe nilikuwa naona madau yote kabla ya muda kufungwa, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Hapa ndipo pananiuma zaidi, kwa sababu dau la aliyeshindwa nalo ni siri yake: linaonyesha uwezo wake, na mnada ujao litamfuata. Wakulima wa viazisukari wa Denmark walikuwa na hofu hiyohiyo, kwamba kiwanda kinachonunua mazao yao kingejua hali zao. Januari 2008 wakulima kama 1,200 walitoa madau yaliyogawanywa kwa siri kwenye seva tatu za pande tofauti. Bei ikapatikana bila upande wowote kuona dau la mtu.

Nyinyi hamhitaji makubwa hayo. Simu ya mzabuni ichukue dau pamoja na namba ndefu ya nasibu, ivipitishe kwenye SHA-256, kanuni ya hesabu inayogeuza maandishi kuwa alama zisizoweza kurudishwa nyuma, itume yale matokeo ya herufi na tarakimu 64 tu. Muda ukiisha, mbandike matokeo yote ukutani, kisha mmoja mmoja ataje dau na namba yake, wote wahakiki kwa kuvipitisha tena kwenye SHA-256 na kulinganisha na yaliyo ukutani. Namba ya nasibu msiiache: madau ya kati ya milioni 10 na 60 yanayopanda kwa elfu moja moja ni kama 50,000 tu, na laptopu ya kawaida inayajaribu yote ndani ya sekunde. Aliyesikia dau lililomzidi hana haja ya kutaja lake hadharani, siri yake haifiki ukumbini.

Kuna udhaifu mmoja. Mtu anaweza kuingia kwa majina mawili, akaweka dau la juu na la chini, kisha akafungua la chini pekee akiona linatosha. Andikisheni kwa kitambulisho, dau moja kwa kila mtu kwa kila trekta, na amana isirudi kwa aliyekataa kufungua dau lake mbele ya kamati ya watu watatu mliowakubali wote.